Kuprogramu mashine za kusikia kwa laptopu: ninunue nini, nianzie wapi?

Mwambao78

Wakuu, heshima zenu. Naomba msaada kwa wanaovijua hivi vidude.

Bi mkubwa (mama yangu) ana miaka 68 na anatumia mashine za kusikia za nyuma ya sikio, Phonak za zamani kidogo, betri namba 13 (stika ya chungwa), zenye mrija na moldi (kipande cha kuziba sikio kilichochongwa kwa umbo la sikio). Ndugu yetu mmoja katuma jozi nyingine kutoka Ulaya, Oticon Opn, zile ndogo zenye kiwaya chembamba kinachoingia sikioni, betri namba 312. Jozi zote mbili zilipangwa kwa ajili ya masikio ya watu wengine. Akivaa za Phonak zinapiga mluzi, akivaa za Oticon anasema sauti ipo ila maneno hayakamatiki.

Kipimo cha usikivu anacho, ni cha mwezi huu. Sikio la kulia:

Hz 250 = dB 35
Hz 500 = 40
Hz 1000 = 50
Hz 2000 = 60
Hz 3000 = 65
Hz 4000 = 70
Hz 8000 = 75

Kushoto hakuna sehemu inayopishana na kulia kwa zaidi ya 5.

Laptopu yangu ni Windows 10. Ninachotaka kujua: ninunue kifaa gani cha kuunganishia, kebo zipi, programu zinapatikanaje, na nikishaunganisha nifuate hatua zipi. Kuna fundi simu ananiambia nichomelee kebo mwenyewe nitumie Arduino (kibao kidogo cha kielektroniki cha kuprogramu). Inawezekana?

Fundi_Vipimo

Mkuu, hizo jozi mbili zitenganishe kwanza, haziendi njia moja.

Kila kampuni ina programu yake na hazisomani. Phonak ni Target. Oticon kuanzia Opn kuja juu ni Genie 2 (zilizotangulia Opn zilitumia Genie ya kwanza, na Genie 2 haizitambui). Signia na Siemens ni Connexx, Widex ni Compass GPS, Unitron ni TrueFit. Zote ni za Windows tu. Ukisikia mtu anataja Noah, hiyo si programu ya kampuni fulani, ni hifadhidata ya kampuni ya HIMSA ya Denmark inayokusanya kumbukumbu za wateja na kuzifungua programu za kampuni mbalimbali kutokea ndani yake. Kwa mtu mmoja huihitaji: Target na Genie 2 zinasimama zenyewe. Faili za kupakua ni kubwa, usipakue kwa bando la siku.

Sasa kifaa cha kati.

Kwa Opn unataka Noahlink Wireless. Ni kidude kinachochomekwa kwenye USB na kuongea na mashine kwa redio ya GHz 2.4, hakuna kebo. Kwa Phonak za zamani hakitakusaidia kitu. Hapa watu wengi wanatupa pesa: Phonak zilianza kukubali Noahlink Wireless na Audéo B-Direct ya mwaka 2017, kisha Marvel na zilizofuata. Kabla ya hapo ni kebo kupitia HI-PRO, au iCube, kifaa kisicho na waya cha Phonak wenyewe.

HI-PRO ni kisanduku cha mezani. Upande mmoja kina USB, upande mwingine matundu mawili ya duara, jekundu la sikio la kulia na la bluu la kushoto. Tafuta HI-PRO 2, inajilisha umeme wa USB. Ile ya kwanza kabisa yenye plagi ya serial inauzwa rahisi, lakini utahitaji adapta yake ya umeme na kigeuzi cha kwenda USB, na vigeuzi hivyo vina ukorofi wake.

Kuhusu kebo usibahatishe. Kila modeli ina namna yake ya kuunganishwa:

– Kebo ya plagi ndogo ya pini nne, familia ya CS44, inayochomekwa moja kwa moja kwenye mashine. Kuna CS44 na CS44a na vichwa vyake si sawa.
– Kebo ya CS53 inayobana kiutepe chembamba chenye mistari ya shaba. Kiutepe hicho kinaishia na kidonge chenye umbo la betri, unakiweka mahali pa betri. Vidonge vinafuata rangi za betri: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675.
– Kiatu, yaani kipande cha plastiki kinachovalishwa chini ya mashine.

Kabla hujanunua, ifungue Target, chagua modeli yako kwenye orodha, uangalie kebo inayoionyesha kwa modeli hiyo, au soma karatasi ya maelezo ya modeli. Modeli imeandikwa kwenye ganda au ndani ya mlango wa betri pamoja na namba ya usajili. Ni maandishi madogo kama mchwa, tumia kamera ya simu uikuze.

Kuhusu Arduino: acha. Laini za data unaweza kuzipata, lakini mazungumzo kati ya programu na chipu ni siri ya kila kampuni, na Target haitaiona Arduino yako kabisa. La pili ni usalama. HI-PRO imetenga umeme wa kompyuta na mwili wa mtu. Kebo ya kuchomelea haina utengano huo, na upande wa pili wa laptopu kuna chaja iliyo kwenye umeme wa ukutani huku mashine imo sikioni mwa mama yako.

Kufunga draiva: weka draiva ya HI-PRO kwanza, ndipo uchomeke kisanduku. Kisha fungua Device Manager, sehemu ya Ports, uone imepewa namba gani. Programu nyingi za zamani zinatafuta COM1 hadi COM4 tu. Windows ikiipa COM7 utaambiwa hakuna kifaa, na utakesha ukilaumu kebo. Bofya kulia, Properties, Port Settings, Advanced, badilisha namba iwe ndogo ambayo haina kitu kingine. Chomeka kila siku kwenye tundu lile lile la USB, maana ukihamisha Windows inaweza kutoa namba mpya. Habu za bei chee zikae mbali.

kijana_wa_Ngamiani

Nyongeza fupi kuhusu za kutumwa. Kabla ya kununua chochote hakikisha hazijafungwa. Kule Marekani kuna minyororo ya maduka inayouza mashine za kampuni hizi hizi zikiwa na jina la duka, na programu ya kawaida inazikataa. Zinaonekana nzima, betri ikiwekwa zinawaka, ila zinafunguka kwa programu ya duka lile tu. Hakuna njia ya mkato.

Zikitoka Uingereza, angalia kama zina alama ya NHS (huduma ya afya ya umma ya kule). Mashine za NHS hukopeshwa, haziuzwi, ni mali yao na mtu anatakiwa kuzirudisha. Anayekuuzia mtandaoni hana haki ya kuziuza.

Bint_Kuruthumu

Fundi kamaliza upande wa vyuma. Mimi nizungumzie masikio.

Ndugu, kipimo ulichoandika ni cha njia ya hewa (sauti kupitia hedifoni) peke yake. Tazama kwenye karatasi kama kuna alama za mabano, hizo ni za njia ya mfupa (mtetemo kupitia fupa la kichwa). Duara jekundu na X ya bluu ni hewa. Ikiwa mfupa haukupimwa, rudi mkaupime kabla ya kugusa programu yoyote. Hewa na mfupa zikiachana kwa dB 15 au zaidi kwenye 500, 1000 na 2000, tatizo lipo sikio la nje au la kati, na huenda linatibika. Mashine ingelificha tu. Vile vile mpeleke kwa daktari wa masikio kwanza kama usikivu ulishuka ghafla, kama sikio linatoa usaha au maji, kuna maumivu, kizunguzungu, au sikio moja ni baya kuliko lingine kwa wazi. Kushuka ghafla ndani ya siku mbili tatu ni dharura, mtu hasubiri wiki. Na nta itolewe. Sikio lililojaa nta huharibu kipimo, huziba risiva (kispika kidogo kinachoingia sikioni) na huleta mluzi.

Vipimo vya programu za simu usivitumie kujaza. Spika za simu na hedifoni za barabarani hazina urekebishaji, dB zake ni za kukisia. Kama huna kipimo kizuri, Target ina AudiogramDirect inayompima mtu kupitia mashine yenyewe ikiwa sikioni, na Genie 2 nayo ina upimaji wa namna hiyo. Ni nzuri kwa kuhakiki, lakini haipimi mfupa, na moldi yenye tundu kubwa la hewa inaidanganya kwenye sauti nzito.

Ukiwa na kipimo kamili, nenda hivi.

Unganisha mashine zikiwa mezani, si masikioni. Zilipangwa kwa mtu mwingine, na kama mwenyewe alikuwa kiziwi zaidi, zikiwaka sikioni mwa bibi zitamrusha. Kitu cha kwanza baada ya programu kuziona: soma mipangilio iliyomo na uihifadhi, au chapisha ripoti. Ukishaandika juu yake hairudi.

Jaza umri, jinsia, na kama ni mzoefu au mgeni. Ingiza hewa, mfupa, na kiwango cha kukerwa kama kilipimwa. Chagua kanuni ya kukokotoa ukuzaji iitwayo NAL-NL2. Itakuuliza kama lugha ya mtumiaji ina toni. Kiswahili hakina, weka isiyo na toni. Ikiwa nyumbani anazungumza zaidi Kihaya au Kikuyu, hizo zina toni, na kanuni itaongeza kidogo kwenye sauti nzito. Kwa mtoto mdogo ningekwambia DSL v5, kwa mtu mzima NAL inatosha.

Kisha sehemu ambayo watu huipita mbio: akustika. Programu haiwezi kuona umefunga nini kwenye mashine, inaamini unachoiambia. Kwa Phonak taja aina ya moldi, mrija (ule mnene wa kawaida ni namba 13, kipenyo cha ndani milimita 1.93) na upana wa tundu la hewa. Kwa Opn taja risiva na domu (kikofia laini kinachovalishwa kwenye risiva). Namba ya risiva imeandikwa kwenye kiwaya chenyewe: 60, 85, 100 au 105. Ukitaja 85 wakati iliyofungwa ni 60, kila namba utakayoiona kwenye skrini ni ya uongo. Kwa kipimo cha bibi, 60 itakuwa inahema, 85 ina nafasi.

Domu ndiyo nadhani inayomkosesha maneno. Kama zilikuja na domu ya wazi, ile yenye matundu mengi, basi zilikuwa za mtu ambaye sauti nzito anazisikia mwenyewe. Bibi yupo 35 na 40 kwenye 250 na 500. Domu ya wazi inavujisha sauti hizo zote nje, na ukijaribu kupandisha za juu mashine inapiga mluzi. Kwake anza na domu ya besi ya tundu moja, saizi inayojaa mfereji bila kubana.

Za Phonak zinazopiga mluzi: moldi ilitengenezwa kwa sikio la mtu mwingine, kwa hiyo haizibi. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoponya hilo. Atengenezewe moldi yake, kwa kuchukua umbo la sikio kwa mtu anayejua kuweka kizuizi cha sifongo ndani kabla ya kumimina. Hilo nalo usifanye nyumbani.

Baada ya akustika, valisha mashine, zima feni, funga redio, na endesha kipimo cha mluzi. Atasikia kelele ya mashine kwa muda mfupi kila upande, anyamaze, asitafune. Kipimo hiki kinaweka dari ya ukuzaji. Kama dari imeshuka chini ya lengo kwenye 2000 hadi 4000, domu ni ndogo au haijakaa sawa. Rekebisha domu, rudia kipimo. Usizime dari.

Hapo ndipo ubonyeze ukokotozi. Kuhakiki kwa haraka, ukuzaji wa maongezi ya kawaida, yaani sauti ya kuingia ya dB 65, uwe karibu nusu ya upotevu kwenye sauti za kati: bibi ana 60 kwenye 2000, tarajia kama 25 hadi 30. Kwenye 500 itakuwa chini zaidi ya nusu, labda 10 hadi 15. Ukiona 45 kwenye 2000, kuna kitu umejaza vibaya.

Mwambao78

Asanteni sana, sikutegemea maelezo ya kina hivi. Mfupa ulipimwa, upo sambamba na hewa. Opn zina risiva za 85.

HI-PRO 2 na Noahlink nimepata za kuazima. Sasa Phonak ya kulia inaonekana kwenye Target, ya kushoto haionekani kabisa. Na Opn zinaonekana, zinapotea, zinaonekana tena. Draiva nimefuata, ipo COM3.

Fundi_Vipimo

Moja baada ya nyingine.

Ya kushoto: toa mashine ya kushoto uiweke kwenye kebo ya kulia, na ya kulia uiweke kwenye kebo ya kushoto. Usiguse kitu kingine. Tafuta tena.

Tatizo likihama na mashine, mashine ndiyo mbovu. Fungua mlango wa betri, tazama vibamba vya chuma kwa tochi. Ukanda wetu wa pwani unyevu unavila, utaona ukungu wa kijani au mweupe. Futa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa alikoholi ya isopropili na kukamuliwa, acha ikauke dakika kadhaa, jaribu tena. Usitumie maji, wala spiriti yenye mafuta. Plagi ya pini nne nayo iangalie, vumbi likiingia kebo inakaa lakini haifiki ndani.

Tatizo likibaki na kebo, angalia pini moja imelala au utepe umepinduka. Utepe una upande wenye mistari ya shaba na upande mtupu, ukiugeuza unaingia vizuri tu lakini hakuna kinachogusana. Tepe hizi zikikunjwa mara nyingi shaba inakatika ndani bila kuonekana kwa nje, zibadilishe, ni vitu vya kutupwa. Zungusha kebo pia karibu na shingo ya plagi wakati programu inatafuta, ikionekana sekunde moja ikapotea, waya umekatika pale.

Kebo zote mbili zikigoma tundu la bluu na kukubali jekundu, tundu la kisanduku limekufa. Unaweza kupanga mashine zote kwa tundu moja, moja moja, lakini mwambie Target ipi ni ya upande gani kabla ya kuhifadhi, la sivyo kulia na kushoto vitabadilishana.

Jambo la betri: ukitumia kidonge, sanduku ndilo linalotoa umeme, betri haikai. Ukitumia plagi ya moja kwa moja au kiatu, fuata picha ya kwenye skrini, nyingine zinataka betri iwemo. Na betri ya zinki na hewa ukishaitoa stika iache dakika mbili hadi tano juu ya meza kabla ya kuifungia ndani. Inahitaji kuvuta hewa ili volti ipande kufika kama 1.4. Ukiifungia papo hapo mashine inawaka na kuzima.

Opn zinazopotea: kwanza betri mpya, kuongea kwa redio kunakula umeme zaidi ya kusikiliza. Pili toa Noahlink kwenye tundu la USB 3, lile la bluu kwenye laptopu nyingi. USB 3 inatoa makelele palepale kwenye GHz 2.4. Tumia USB 2, au kebo ya kurefusha ya mita moja ili kidude kikae wazi mezani kikiangaliana na mashine. Tatu zima Bluetooth ya simu ya bi mkubwa kama ilishaunganishwa na Opn hizo. Nne, kabla ya kutafuta, fungua na ufunge milango ya betri ili mashine zianze upya, halafu tafuta mara moja.

Na onyo. Genie 2 inaweza kukuambia kuna programu mpya ya ndani ya mashine, unataka kusasisha? Kataa kwa sasa. Ukisasisha, fanya siku ambayo betri ya laptopu imejaa, betri za mashine ni mpya, na hakuna mtu atakayeanzisha kupakua kitu. Umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na kokoto mbili.

mzee_wa_redio

Mbona mnamtisha kijana? Bonyeza tu ule mpangilio wa kwanza wa kampuni, hifadhi, mvalishe. Kompyuta imeshafanya hesabu.

Bint_Kuruthumu

Mzee wangu, hesabu ni ya sikio la wastani. Mfereji mwembamba unapandisha sauti, mpana unashusha, na tofauti ya dB 10 kwenye 3000 au 4000 ni kitu cha kawaida. Halafu kampuni nyingi kwenye mpangilio wa kwanza hutumia kanuni zao, ambazo hukata sauti kali ili mteja asikimbie siku ya kwanza. Anapenda sauti, lakini "s" na "f" hazimo.

Njia sahihi ni kupima ndani ya sikio kwa mrija mwembamba wa maikrofoni unaofika kiasi cha milimita 5 kutoka kwenye ngoma ya sikio, ukicheza maongezi ya dB 55, 65 na 75, halafu ukavuta ukuzaji hadi ukaribie lengo kwa tofauti isiyozidi dB 5 au hivyo. Kliniki yenye kifaa hicho ikipatikana, mpeleke hata mara moja, na wampangie wao kwa kutumia faili lako.

Kama hakipatikani, kuna kipimo cha sauti sita za Ling ambacho hakina gharama: m, u, a, i, sh, s. Simama nyuma yake au ziba mdomo kwa karatasi, mita moja kwanza, kisha tatu. Tamka moja moja kwa sauti ya maongezi, bila mpangilio, na mwache arudie. Akikosa m na u, sauti nzito hazitoshi. Akikosa s peke yake, ongeza 4000 na kuendelea juu.

Kisha maneno. Kiswahili kimetupa bahati hapa: paka, taka, kaka, saka, shaka, chaka. Au pika, fika, shika, zika. Irabu zile zile, konsonanti ndiyo inayobadilika. Andika anachosema badala ya ulichosema. Ukiona saka inageuka shaka kila mara kwenye zile Phonak, tazama SoundRecover, ile inayoshusha sauti za juu kwenda chini. Ikiwa na nguvu mno "s" inasikika kama "sh". Ilegeze hatua kwa hatua, au izime kabisa, maana kwa mtu aliye 70 kwenye 4000 huenda hata haihitaji.

Na kikomo cha juu cha sauti inayotoka, kinachoandikwa MPO, kijaribiwe siku hiyo hiyo. Piga makofi mara moja karibu naye, gonga kijiko kwenye sufuria. Akikunja uso au kufumba macho, shusha MPO dB 3, rudia. Mashine kubwa zenye kutoa zaidi ya dB 132 zinaweza kuharibu usikivu uliobaki zikipangwa kwa mtu asiyezihitaji. Ndiyo maana nakataa "bonyeza tu".

Mwambao78

Kweli, utepe ulikuwa umekatika, mpya umekubali. Opn kwa kebo ya kurefusha hazipotei tena. Nimefuata hatua zote, bibi anavaa Opn wiki ya pili. Malalamiko yake: sauti yake mwenyewe inavuma kama yumo ndani ya pipa, vyombo jikoni vinamchoma, feni inamsumbua, na msibani au kwenye shughuli ya watu wengi haelewi kitu. Anasema sauti za simu ziko sawa. Nirekebishe nini?

Bint_Kuruthumu

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, umpe siku tatu nne. Ukigusa vinne kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Sauti yake kuvuma: jaribu hivi. Zima mashine bila kuzitoa sikioni, aseme "iii" ndefu. Bado inavuma? Ni domu inayoziba, sauti ya mwili wake haipati pa kutokea. Hamia domu ya besi ya matundu mawili, ibadilishe na kwenye Genie 2, rudia kipimo cha mluzi. Ikiwa inavuma zikiwa zimewaka tu, punguza ukuzaji wa 250 na 500 kwa dB 2 hadi 4. Ukipunguza huko kwa tatizo la domu, utamnyima besi na bado atalalamika.

Vyombo: hiyo ni sauti kubwa, kwa hiyo usiguse safu ya sauti ndogo. Kwenye jedwali la ukuzaji kuna safu tatu, za kuingia ndogo, ya kati na kubwa. Punguza ile kubwa kwenye 2000 hadi 4000 kwa dB 2 au 3. Ukishusha safu zote tatu unamwondolea "s" uliyoitafuta kwa shida.

Feni ni kinyume chake: safu ya sauti ndogo, 250 hadi 1000, dB 2 tu. Lakini kwa feni ningesubiri. Amekaa miaka bila kuisikia, ubongo wake unaiona habari mpya. Wengi huacha kuisema ndani ya mwezi. Genie 2 ina kipengele cha kuzoesha, hatua 1 hadi 3. Muweke hatua ya 2 apande taratibu badala ya kukata moja kwa moja.

Shughuli za watu wengi usitegemee miujiza. Hakikisha maikrofoni za mwelekeo hazijazimwa na matundu yake mawili juu ya ganda hayana nta wala poda. Akae mgongo ukiwa kwenye makelele, anayeongea awe mbele yake ndani ya mita moja na nusu. Spika za msibani zikiwa nyuma yake anasikiliza spika, hakusikilizi wewe.

Kabla ya kubadilisha chochote, soma kumbukumbu ya matumizi ndani ya Genie 2. Itakuonyesha wastani wa saa anazovaa kwa siku. Kama ni saa mbili, malalamiko yote hayo ni ya mtu ambaye bado hajazoea, na dawa ni kuvaa. Kama ni saa nane au kumi, rekebisha.

Fundi_Vipimo

Na usisahau kubonyeza hifadhi kwenye mashine kabla ya kufunga Genie. Kuna hifadhi mbili, moja ya kwenye kompyuta na moja ya kwenye mashine, na watu wengi wanafanya ya kwanza wakidhani wamemaliza. Mashine zikianza upya zikiwa na sauti ya zamani, sababu ni hiyo.

Usiku ziweke kwenye kopo lenye kifuniko na vifuko vya silika, milango ya betri wazi, betri zikae nje ya kopo maana ukavu unazimaliza. Silika ya rangi ikibadilika, ikaange kidogo kwenye moto mdogo irudi rangi yake.